Milimita Moja ya Jicho

Ukitoka Isaka kwenda Kahama unapita Kagongwa, na Kagongwa ni mchele. Mashine za kukoboa zinavuma, malori yanapakia viroba, madalali wanabishana bei, na pembeni kwenye kivuli wanawake wamekaa na nyungo zao wakitoa chuya na mawe. Jiwe jeupe lenye ukubwa wa punje likipita, mlaji atavunjika jino na mfanyabiashara atachafukiwa jina. Ndiyo maana, pamoja na mashine zote hizo, kazi ya mwisho hubaki kwa vidole na macho.

Mchambuaji akishapita miaka 40, ungo huanza kusogea. Zamani ulikaa mapajani. Sasa anaunyoosha mbele kidogo, anageukia mwanga, anakunja uso, na mwishowe anamwita binti amwangalizie. Ukimuuliza atakwambia macho yamechoka, au atalaumu moshi wa jikoni. Wengi tumezoea kudhani kwamba miwani ya karibu ni ya wasomi, kwa hiyo mama asiyesoma gazeti haonekani kuwa na haja nayo. Mwaka 2006 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Kongwa, mkoani Dodoma, walichapisha matokeo ya kupima watu wa vijijini wenye miaka 40 na zaidi. Zaidi ya sita katika kila kumi hawakuona vizuri vitu vya karibu kwa sababu ya umri, na karibu wote hawakuwa na miwani. Kazi zilizowapa shida zilikuwa za nyumbani na shambani: kupeta nafaka, kuchambua mchele, kushona, kupalilia, kuwasha taa.

Kinachomsumbua mama huyo kinapimika. Kinapimika kwa usahihi kiasi kwamba leo mtu anaweza kulijenga jicho lake ndani ya kompyuta, akaliharibu makusudi kwa sehemu ya milimita, akaona taswira ikififia, kisha akaweka lenzi mbele yake na kuona taswira ikirudi. Kufika hapo kulichukua karne nyingi, na waliotangulia walikuwa watu wa hesabu na mwanga kabla ya madaktari.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo karibu mwaka 1040, alipinga mafundisho ya kale kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kugusa vitu. Hoja yake mojawapo ilikuwa rahisi: ukilitazama jua, jicho linauma, kwa hiyo kuna kitu kinachoingia. Alijua mwanga huingia, lakini alikwama pale alipotaka kujua picha inaundwa wapi. Aliiweka kwenye uso wa mbele wa lenzi, kwa kuwa kama miale ingepishana ndani ya jicho picha ingegeuka juu chini, na hilo halikumwingia akilini.

Mafundi wa Italia walianza kutengeneza miwani katika miaka ya 1280 hivi, na kwa zaidi ya miaka 300 waliiuza bila yeyote kujua kwa nini inasaidia. Jibu lilitoka kwa Johannes Kepler, mnajimu ambaye macho yake mwenyewe yaliharibiwa na ndui utotoni. Mwaka 1604 aliandika kwamba picha inaundwa nyuma kabisa, kwenye retina, na kwamba ndiyo, inakuwa juu chini. Mtu asiyeona mbali ana miale inayokutana kabla ya kufika kwenye retina, na lenzi iliyobonyea ndani inaisukuma ikutane nyuma zaidi. Kwa sentensi chache Kepler alikuwa ameligeuza tatizo la macho kuwa swali la umbali: miale inakutana wapi, na retina iko wapi?

Baada ya Kepler kuna mtu mmoja ambaye hastahili kupitwa haraka. Thomas Young alikuwa daktari kijana wa Kiingereza, hajafika miaka 30, alipotaka kujua jicho linafanya nini linapohama kutoka kutazama mbali na kutazama karibu. Wengine walidai konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ndiyo inayojikunja. Wengine walidai jicho zima linarefuka. Young alijifanyia majaribio mwenyewe. Alichukua lenzi ya hadubini ndogo, akaifunga kwenye mwisho wa kimrija, akajaza maji, akakibandika kwenye jicho lake lililo wazi. Maji yakigusa konea, nguvu yake ya kupinda mwanga karibu yote inapotea, kwa sababu maji na jicho vinapinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana. Hata hivyo, jicho lake liliendelea kuweza kuhama kutoka mbali hadi karibu. Basi si konea. Kisha akaligeuza jicho kuelekea puani na kulibana kwa kipete cha chuma kwa mbele na kwa nyuma, ili kama litarefuka ajue. Halikurefuka. Ikabaki lenzi ya ndani pekee. Katika andiko alilolichapisha mwaka 1801 aliongeza jambo lingine aliloligundua njiani: jicho lake halikuwa na nguvu sawa kwa wima na kwa ulalo. Tofauti ilikuwa karibu dayopta 1.7, kwa kipimo cha nguvu ya lenzi kilichokuja baadaye.

Kasoro hiyo haikupata dawa hadi George Airy, mnajimu mwingine, alipochoka na jicho lake la kushoto. Alitoboa kadi tundu dogo, akaiweka mbele ya mwanga, akaisogeza polepole kuelekea jichoni. Katika umbali wa inchi 6 nukta ilionekana kama mstari. Katika inchi 3.5 ilionekana kama mstari unaoukata ule wa kwanza. Kutokana na namba hizo mbili akakokotoa lenzi yenye umbo la silinda upande mmoja, na mwaka 1825 alieleza jinsi fundi mmoja wa mji wa Ipswich alivyomtengenezea. Hakuna daktari aliyempima. Kadi, sindano na hesabu vilitosha.

Mjini Utrecht, Uholanzi, Franciscus Donders alikusanya yote hayo katika kitabu cha mwaka 1864. Kabla yake watu walichanganya kasoro mbili zinazofanana kwa nje. Donders alizitenganisha. Kuna jicho fupi ambalo miale yake inapita retina kabla ya kukutana, na hilo mtu anaweza kuzaliwa nalo. Na kuna lenzi iliyokakamaa kwa umri, ambayo humfika kila mtu hata kama alikuwa na macho mazuri ujanani. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuiongezea lenzi yake zaidi ya dayopta 10. Akifika 60 kinabaki kisichofika 2. Mwenzake Donders, Herman Snellen, alikuwa ametoa mwaka 1862 ubao wa herufi ambao mpaka leo umetundikwa katika kliniki zetu, na mwaka 1872 Mfaransa Ferdinand Monoyer akapendekeza kipimo cha dayopta: gawanya moja kwa umbali wa mita. Ungo ulio nusu mita kutoka usoni unadai dayopta 2. Gazeti lililo sentimita 33 linadai 3. Hesabu ya mama wa Kagongwa ilikuwa imekamilika kabla ya treni ya kwanza kufika Tabora.

Kilichobaki kilikuwa kulijenga jicho zima kwa namba, na kazi hiyo ilimwangukia Allvar Gullstrand, daktari wa macho wa Uswidi aliyefundisha Uppsala. Katika nyongeza alizoziandika mwaka 1909 kwa kitabu kikubwa cha Helmholtz kuhusu macho, alitoa jicho la mfano lenye nyuso sita. Konea: uso wa mbele wenye nusukipenyo cha milimita 7.7, wa nyuma 6.8, unene nusu milimita, kipimo cha kupinda mwanga 1.376. Maji yaliyo nyuma yake: 1.336. Kisha lenzi, ambayo aliigawa katika ganda la 1.386 na kiini cha 1.406, kwa kuwa aliona haiwezekani kuieleza kama kitu kimoja. Jicho zima lilitoa dayopta 58.64, na konea pekee ilibeba takriban 43 kati ya hizo. Wenyeji wa Shinyanga wanaijua thamani ya kupinda mwanga kuliko wengi, maana almasi ambayo John Williamson aliikuta Mwadui mwaka 1940 inang'aa kwa sababu kipimo chake ni karibu 2.42. Jicho linafanya kazi yake yote kwa namba zisizofika 1.5. Mwaka 1911 Gullstrand alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa hesabu hizo.

Tunapaswa kukumbuka jinsi hesabu zenyewe zilivyokuwa nzito. Kuufuata mwali mmoja kupita uso mmoja kulihitaji majedwali ya logi na umakini mkubwa, na nyuso zilikuwa sita. Kosa dogo lilikuwa na gharama. Mwezi Novemba 1949, Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, alimtoa mgonjwa mtoto wa jicho na kumwekea lenzi ya plastiki, ya kwanza duniani. Lenzi ilikaa vizuri. Umbo lake lilifuata mno lile la lenzi ya asili, lakini plastiki hupinda mwanga zaidi, na mgonjwa akabaki na kasoro ya kutoona mbali iliyozidi dayopta 18. Upasuaji ulifaulu, hesabu ikaanguka. Kila Mtanzania anayewekewa lenzi leo baada ya kutolewa mtoto wa jicho anafaidika na somo la mtu yule: kwanza unapima urefu wa jicho na upindo wa konea, ndipo unachagua lenzi.

Kompyuta zilipokuja, watengenezaji wa kamera na darubini ndio walioandika programu za kufuata miale, na watu wa macho wakazichukua. Katika programu kama Code V au Zemax, jicho ni jedwali. Kila mstari ni uso mmoja: nusukipenyo, unene hadi uso unaofuata, kipimo cha kupinda mwanga, na namba inayosema uso umetoka kiasi gani katika umbo la tufe. Mwaka 1985 Rafael Navarro na wenzake wa Hispania walitoa jicho lenye nyuso zisizo tufe kamili, ambalo lenzi yake inabadilika linapotazama karibu. Mwaka 1997 Hwey-Lan Liou na Noel Brennan walitoa jicho la mtu wa miaka 45, lenye urefu wa milimita 23.95, ambalo lenzi yake inabadilika taratibu kutoka ganda hadi kiini kama ilivyo kweli, bila mpaka ule wa Gullstrand.

Ukiwa na jedwali hilo mbele yako, kasoro za macho zinaacha kuwa fumbo. Nenda kwenye mstari wa ute ulio kati ya lenzi na retina, ongeza milimita 1, bonyeza. Miale inakutana mbele ya retina, na jicho limepata dayopta −2.7 hivi. Mwanafunzi mwenye jicho hilo anaona daftari lake vizuri kabisa. Kitu chochote kilicho mbali zaidi ya sentimita 37 kina ukungu, na ubao umekwisha. Milimita moja tu. Ipunguze badala ya kuiongeza, na kasoro inahamia upande wa pili kwa kiasi kama hicho. Rudi kwenye konea, iweke 7.8 kwa ulalo na 7.5 kwa wima: tofauti ya sehemu tatu za kumi za milimita inatoa karibu dayopta 1.7, kiasi kilekile alichokikuta Thomas Young katika jicho lake. Halafu lirudishe jicho katika hali yake nzuri, iache lenzi isibadilike, na usogeze kitu kutoka mbali hadi nusu mita. Nukta iliyokuwa kali inavimba kuwa duara. Weka lenzi ya +2.00 mbele, duara linakuwa nukta tena.

Lakini jicho hilo la jedwali ni la nani? Ni wastani, na vipimo vilivyoujenga vilichukuliwa zaidi kwa watu wa Ulaya, Marekani na Australia. David Atchison, aliyetoa mwaka 2006 mifano ya macho yasiyoona mbali, alipima vijana wa Australia. Sheria za mwanga ni zilezile Brisbane na Bugarama, kwa hiyo sioni sababu ya kuyatupa macho hayo. Ila wastani hauvai miwani. Programu inakuambia milimita inafanya nini. Haikuambii mtoto wa Geita ana milimita ngapi. Hilo linamtaka mtu aende akapime.

Kuna waliokwenda. Susanne Wedner na wenzake walipima wanafunzi wa shule za msingi za vijijini katika mkoa wa Mwanza, na mwaka 2000 wakaripoti kwamba kasoro za namna hii zilikuwa chache sana, karibu asilimia 1. Miaka miwili baadaye wakatoa matokeo ya sekondari za jijini Mwanza: kati ya wanafunzi 2,511, asilimia 6.1 walikuwa na kasoro kubwa, nyingi zikiwa za kutoona mbali, na katika hao ni kama theluthi moja tu waliokuwa na miwani. Kutoka 1 hadi 6 ni mruko mkubwa, ingawa makundi yenyewe yalitofautiana kwa umri na makazi. Elimu inaongezeka, watoto wanakaa zaidi ndani na vitabu, na kwingineko duniani hali hiyo imekwenda sambamba na macho kurefuka. Kahama ya leo, manispaa inayokua na shule zinazojaa, ina kila sababu ya kujipima.

Wedner na watafiti wengine walijaribu jambo lingine Dar es Salaam, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo. Baadhi ya wanafunzi walipewa miwani bure. Wengine waliandikiwa cheti wakanunue. Baada ya miezi 3, asilimia 47 ya waliopewa bure walikuwa wakiivaa au wanayo shuleni, na asilimia 26 tu ya wale wa cheti. Namba ya pili haishangazi. Ya kwanza inauma zaidi: miwani sahihi, ya bure, na zaidi ya nusu hawakuwa nayo. Sababu zilizojitokeza ni dhihaka za wenzao, gharama, na wazazi kuamini kwamba miwani huharibu macho.

Duniani nako watu hawa walichelewa kuhesabiwa. Kwa miaka mingi takwimu za upofu zilitegemea mtu anavyoona akiwa amewekewa lenzi bora. Aliyekuwa haoni njia kwa kukosa miwani, akiwekewa lenzi chumbani kwa daktari na kuona, aliandikwa mzima, kisha akarudi nyumbani bila lenzi. Shirika la Afya Duniani lilipohesabu upya, likipima watu wanavyoona katika maisha yao ya kila siku, makadirio ya mwaka 2004 yalitoa watu milioni 153 wasioona mbali vizuri kwa kukosa miwani, na milioni 8 kati yao walikuwa vipofu kabisa. Wale wasioona karibu, kama wachambuaji wetu wa mchele, hawakuwemo hata katika hesabu hiyo.

Katika ukanda huu jicho limesomwa vibaya kwa namna mbaya zaidi. Vikongwe wa Usukuma wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, wakaitwa wachawi, ilhali wekundu huo ni wa miaka mingi ya kuinamia moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe. Kisha, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, yakaja mauaji ya watu wenye ualbino. Mwaka 2010 Deborah Bryceson na wenzake waliandika jinsi biashara ya viungo vyao ilivyofungamana na imani za bahati katika machimbo madogo ya dhahabu na almasi. Watoto wakakimbiziwa Buhangija, mjini Shinyanga, katika shule iliyokuwa ikipokea wasioona, hadi mabweni yakazidiwa.

Watoto hao walipelekwa shule ya wasioona, na wengi wao wanaona. Wanaona vibaya, kwa sababu ambazo baadhi yake zinaweza kuandikwa katika jedwali lile. Iris, yaani duara linalozunguka mboni, ikikosa rangi inapitisha mwanga ambao jicho la mfano linauchukulia kuwa umezuiwa. Konea mara nyingi ina silinda kubwa. Kitovu cha retina, penye uoni mkali, hakikukua kikamilifu, na macho yenyewe yanachezacheza. Miwani inaweza kusahihisha silinda. Haiwezi kuumba kitovu. Ndiyo maana mtoto mwenye ualbino akivaa miwani sahihi bado huhitaji kiti cha mbele, kofia, lenzi ya kukuzia, pengine darubini ndogo ya kusomea ubao. Lakini mtoto anayeweza kusoma maandishi makubwa hana sababu ya kufundishwa nukta nundu peke yake, na wapo waliofundishwa hivyo.

Kumpima kunaanza na retinoskopu, kifaa cha kushika mkononi chenye taa. Mpimaji anapitisha mstari wa mwanga mbele ya mboni na kutazama mwako unaorudi kutoka ndani: ukienda pamoja na mkono, anaongeza lenzi ya kujumlisha, ukienda kinyume, ya kutoa, ukijaa wote kwa mara moja, amefika. Anafanya hivyo kwa ulalo, kisha kwa wima, na tofauti ya hizo mbili ndiyo silinda. Kwa jicho linalochezacheza inabidi angoje, atafute upande ambao jicho linatulia zaidi, ajaribu tena. Mwishowe anaandika namba tatu kwa kila jicho: nguvu, silinda, mhimili. Fundi anasaga kioo kwa namba hizo, na kwa kuwa mtoto anakua na jicho lake linarefuka, atapimwa upya mwaka unaofuata.